RAMANI INAYOJIBU MASWALI: KUTOKA MISITU YA KENYA HADI MASHAMBA YA RWANDA



Ndugu wasomaji, siku hizi mtoto wa shule ya msingi anaweza kuchukua simu ya mama yake, akatafuta njia ya kwenda kwa shangazi yake mtaa wa pili, na simu ikamwambia pinda kushoto, pinda kulia. Simu hiyo hiyo hutuonesha qibla tukiwa safarini. Tumeyazoea mambo haya mpaka hatuulizi tena yametoka wapi. Katika makala hii tutaeleza kwa ufupi historia ya ramani za kompyuta, jinsi zinavyofanya kazi, na kwa nini zinahusu hata shamba alilotuachia babu.

RAMANI HII NI NINI HASA?

Ramani ya ukutani darasani ni picha. Ukitaka kujua ni nyumba ngapi ziko mbali na kisima, itabidi uchukue rula na upime mwenyewe. Mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao wataalamu huuita kwa herufi tatu GIS, ni ramani ambayo kila kilichomo kimeandikwa kwa tarakimu. Kisima ni nukta moja yenye latitudo na longitudo yake. Barabara ni nukta nyingi zilizoungwa kwa mstari. Shamba ni mstari uliozunguka ukarudi pale ulipoanzia. Na nyuma ya kila kitu kuna jedwali la maelezo: kisima kilichimbwa mwaka gani, barabara ni ya lami au ya vumbi, shamba ni la nani.

Vitu vya aina moja hukaa katika tabaka lake. Fikiria karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Moja imechorwa visima, ya pili barabara, ya tatu miteremko ya ardhi. Ukizipanga moja juu ya nyingine na kuziinua dirishani, utaona mambo ambayo karatasi moja peke yake haikuonesha. Kazi kubwa ya GIS ni hiyo: kupanga karatasi na kujibu swali.

WALIOTUTANGULIA

Ni vyema vijana wetu wakafahamu kwamba kazi ya kukusanya habari za dunia na kuziweka mahali pamoja haikuanza na kompyuta. Mwaka 1154 Sharif al-Idrisi, mzaliwa wa Sabta, alikamilisha kitabu chake cha jiografia akiwa Palermo, katika kisiwa cha Sicily, kwa amri ya mfalme Roger wa Pili. Kazi hiyo ilichukua miaka ipatayo 15. Aliigawa dunia iliyojulikana katika kanda 7, na kila kanda vipande 10, zikawa ramani 70. Kusini aliiweka juu na kaskazini chini, kinyume na tulivyozoea leo. Ndani yake imo pwani ya Zanj, na Malindi na Mombasa zimetajwa.

Al-Idrisi hakuwahi kufika Malindi. Alizipataje habari zake? Alitegemea vitabu vya waliomtangulia, na wasafiri waliohojiwa mmoja baada ya mwingine. Waliyoafikiana yaliandikwa, waliyohitilafiana yaliachwa. Tuikumbuke njia hii, maana tutairudia.

Kabla yake, katika karne ya 11, al-Biruni aliandika kitabu kizima cha kutafuta vipimo vya miji kwa hesabu, na miongoni mwa makusudio yake ilikuwa ni kujua qibla cha mji wa Ghazna. Simu inapotuonesha qibla hufanya hesabu ya namna hiyo hiyo: mahali ulipo, mahali ilipo Makka, na pembe iliyo baina yake.

MISITU YA KENYA NA BEI ILIYOZAA FIKRA

Wengi hudhani GIS ilizaliwa Ulaya au Marekani, ikaletwa kwetu ikiwa imekamilika. Ukweli ni kwamba swali lililoizaa lilitoka Afrika Mashariki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni moja ya upimaji ya Kanada ilitakiwa kutafuta mahali panapofaa kwa mashamba ya miti na kiwanda cha karatasi nchini Kenya. Mahali hapo palitakiwa pakidhi masharti mengi kwa wakati mmoja: mteremko, udongo, hali ya hewa, njia za usafiri. Kila sharti lilikuwa na ramani yake, na ilibidi watu wakae mezani wazilinganishe zote kwa macho na kwa mkono. Walipopiga hesabu ya gharama, ikawa kubwa mno na pendekezo likaachwa.

Katika kampuni hiyo alikuwamo mtaalamu wa jiografia, Roger Tomlinson. Yeye alijiuliza: ikiwa ramani itageuzwa kuwa tarakimu, kwa nini kompyuta isiifanye kazi hii? Mwaka 1962, akiwa ndani ya ndege, alikaa karibu na Lee Pratt wa wizara ya kilimo ya Kanada. Pratt alikuwa na mzigo wa kuorodhesha ardhi ya nchi yake: ipi inafaa kilimo, ipi misitu, ipi wanyamapori. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyofungua mlango. Mfumo ulianza kutengenezwa, kampuni ya IBM ikashiriki, na mashine maalumu ikaundwa ya kusoma ramani za karatasi na kuzigeuza tarakimu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 mfumo wa Kanada ulikuwa ukifanya kazi kikamilifu. Tomlinson, aliyefariki mwaka 2014, huitwa baba wa GIS.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1972 Marekani ilirusha satelaiti ya kwanza ya mradi wa Landsat, ya kupiga picha za ardhi. Mwaka 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji na ramani, ambacho leo hujulikana kama RCMRD na kuhudumia nchi nyingi za Afrika. Mwezi Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayopokelewa na raia, na kosa la mita zipatazo 100 likashuka hadi mita chache. Mwaka 2004 ikaanza OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia.

ASIYECHORWA HAONEKANI

Pamoja na sifa zote hizi, kompyuta haijui ila kile ilichoambiwa. Mpaka mwaka 2009 Kibera, mtaa wenye watu wengi pale Nairobi, ulikuwa kama uwanja mtupu katika ramani za intaneti, mpaka vijana wa hapo hapo walipoanza kuzunguka vichochoro na GPS mkononi. Kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam pamoja na wakazi walichora mitaa na mifereji ya kata zinazofurika, katika mradi wa Ramani Huria. Picha ya satelaiti huonesha paa, lakini haioneshi maji yalifika wapi ukutani mwaka jana. Hilo analijua mwenye nyumba.

Mfano mkubwa zaidi ni Rwanda. Kati ya mwaka 2009 na 2013, baada ya majaribio, nchi hiyo ilisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10. Picha za kutoka angani zilichapishwa katika karatasi kubwa. Vijana wa vijijini waliofundishwa walitembea mipakani pamoja na wenye mashamba na majirani zao, na kila mpaka uliokubaliwa ukachorwa kwa kalamu juu ya picha. Kisha karatasi zikaingizwa katika kompyuta. Ni njia ile ile ya al-Idrisi: mwenye kujua anaulizwa, wanaoafikiana wanaandikwa, na wenye mzozo wanawekwa kando wakasikilizwe.

Lakini hapo pana funzo zito kwetu. Utafiti uliofanywa katika maeneo ya majaribio ulionesha kwamba wanawake walioolewa kisheria walinufaika, kwa kuwa majina yao yaliandikwa pamoja na ya waume zao. Wale ambao ndoa zao hazikusajiliwa serikalini haki zao zilififia. Mwanamke alikuwa analima shamba lile lile, mpaka ulikuwa sahihi kabisa kwenye ramani, lakini katika jedwali lililo nyuma ya ramani jina lake halimo.

Familia nyingi za Kiislamu huishia kwenye nikaha msikitini, na cheti cha serikali huambiwa "tutakifuata siku nyingine". Nikaha ni sahihi mbele ya Allah, lakini karani wa ardhi anaandika anachooneshwa. Basi wapimaji wakija kijijini, baba asiende peke yake. Aende na mama, waende na watoto waliokua, na waitwe majirani wa pande zote. Vyeti vya ndoa na vya mirathi vitafutwe mapema. Na orodha zikibandikwa kwa ajili ya pingamizi, zisomwe jina kwa jina, maana kosa ni rahisi kusahihishwa siku hizo kuliko baada ya miaka 20, wazee waliokuwa wakiijua mipaka wakiwa wametangulia.

Nanyi wanafunzi, fani hii haihitaji mtaji mkubwa. Programu ya QGIS hupatikana bure, na kazi ya kuanzia ipo mlangoni: choreni mtaa wenu, visima, madrasa, zahanati na mifereji. Mkishamaliza, mwonesheni bibi ramani hiyo na mumuulize nini kimesahaulika.

Wabillahi tawfiq.