Mzima Moto wa Norrköping

Tarehe 10 Agosti 1948, katika uwanja wa Wembley mjini London, timu za Sweden na Denmark zilipokuwa zikigombea nafasi ya kuingia fainali ya Michezo ya Olimpiki, lilitukia jambo ambalo wapenzi wa kandanda wa Ulaya ya kaskazini hawajachoka kulisimulia hadi leo. Mshambuliaji wa kati wa Sweden, bwana mwenye kifua kipana na miguu kama nguzo za jahazi, alijikuta amebaki peke yake karibu na lango la Denmark ilhali mpira uko kwa wenzake, na kwa mujibu wa sharia za mchezo alikuwa ameotea. Lau mpira ungepigwa golini naye yungali amesimama pale, filimbi ya refa ingelia na jitihada yote ingekwenda bure. Nafasi ya kurudi nyuma haikuwapo. Basi akafanya lile ambalo halikumpitikia mtu yeyote: akaenda mbele, akauvuka mstari wa goli, akaingia ndani ya nyavu na kutulia humo kama samaki aliyejipeleka demani kwa hiari yake. Mwenziwe Henry Carlsson akaupiga mpira kwa kichwa, ukampita mlinda mlango, na yule aliyekuwa ndani ya nyavu akaupokea kwa mikono miwili, kama mtu anayerushiwa nazi. Bao likakubaliwa, na Sweden ikashinda kwa mabao 4 kwa 2.

Mtu huyo ndiye Gunnar Nordahl, na ni kichekesho kidogo cha historia kwamba mechi anayokumbukwa nayo zaidi ni mechi ambayo yeye mwenyewe hakufunga hata bao moja. Siku ile aliijua sharia, akaikwepa kwa hatua mbili tatu. Miezi michache baadaye alikumbana na sharia nyingine, iliyowekwa na chama cha kandanda cha nchi yake mwenyewe, ambayo hakuweza kuikwepa kwa mbio wala kwa maarifa; na hiyo ndiyo iliyoigawa sifa yake mapande mawili, Waitaliano wakaondoka na pande kubwa.

Alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1921 huko Hörnefors, kaskazini mwa Sweden, mahali padogo kando ya Ghuba ya Bothnia palipokulia ubavuni mwa kiwanda kilichogeuza miti ya msituni kuwa rojo la kutengenezea karatasi. Ni nchi ambayo wakati wa kipupwe jua huonekana kwa saa chache tu, na wakati wa kiangazi watoto wanaweza kucheza mpira nje mpaka mama zao wachoke kuwaita, kwa kuwa giza halishuki. Aila ya Nordahl ilibarikiwa ndugu watano wa kiume, Bertil, Knut, Gunnar, Gösta na Göran, na wote watano walicheza kandanda ya daraja la juu. Watatu wa kwanza walivaa pamoja jezi ya manjano ya taifa lao, fahari ambayo wazazi wachache duniani wameionja.

Mwaka 1940 Gunnar alihamia Degerfors, mji wa wafua chuma, na mwaka 1944 akaenda Norrköping, mji wa viwanda vya nguo. Nchi jirani zilikuwa zikiteketea kwa vita, lakini Sweden haikujiunga na upande wowote, kwa hiyo ligi yake iliendelea, na vijana wa Sweden walikomaa katika miaka ambayo wenzao wa nchi nyingine walikuwa wamevaa sare za jeshi au wamekwisha kuzikwa. Katika kuupima umahiri wa timu ya Sweden ya baada ya vita haifai kulisahau jambo hili, japo haifai vilevile kulikuza mno, kwani amani peke yake haimfundishi mtu kufunga mabao.

Wakati huo kandanda ya Sweden ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji hakuruhusiwa kulipwa mshahara kwa kucheza. Alikuwa na kazi yake, na mpira aliucheza baada ya kazi. Kazi ya Nordahl ilikuwa katika kikosi cha zimamoto. Jumapili aliwatia kiwewe mabeki, na Jumatatu alikuwa tayari kupanda ngazi na kukokota mipira ya maji. Jina hilo la mzima moto lilimganda, likamfuata hata alipokwisha kulivua joho la kazi, na Waitaliano walilitafsiri kwa lugha yao wakamwita Il Pompiere.

Katika klabu ya IFK Norrköping alimkuta mwalimu Lajos Czeizler, Mhungari mwenye busara nyingi, na chini yake timu ilitwaa ubingwa wa Sweden mara nne mfululizo, tangu 1945 hadi 1948. Nordahl alicheza mechi 95 za ligi akafunga mabao 93. Katika mwaka wake wa kwanza aliifunga Landskrona mabao 7 katika mechi moja, hesabu ambayo mtu akiisoma kwa mara ya kwanza hudhani ni kosa la mpiga chapa. Mwaka 1947 aliteuliwa katika timu ya wateule wa Ulaya iliyokwenda Glasgow kupambana na wateule wa Uingereza mbele ya watazamaji zaidi ya 130,000. Ulaya ilifungwa mabao 6 kwa 1, na hilo moja lilikuwa lake.

Kisha ikaja London ya 1948. Mwalimu wa Sweden alikuwa George Raynor, Mwingereza ambaye kwao hakuthaminiwa sana, na ambaye wakati wa vita alikuwa Baghdad akifundisha mpira miongoni mwa Wairaki. Austria ilifungwa mabao 3, mawili yakiwa ya Nordahl. Korea ikafungwa 12 bila majibu, manne yakiwa yake. Denmark nimekwisha kuieleza. Na katika fainali ya tarehe 13 Agosti, Yugoslavia ilifungwa 3 kwa 1, Gunnar Gren akitia mawili na Nordahl moja. Medali za dhahabu zikatwaliwa na Bertil, Knut na Gunnar, auladi watatu wa tumbo moja. Gunnar alimaliza akiwa na mabao 7, sawa na John Hansen wa Denmark, na hakuna aliyefunga zaidi yao.

Dhahabu ina harufu inayofika mbali. Mawakala wa klabu za Italia walikuwa wamekwisha kuwaona Waskandinavia wale, na Italia ilikuwa nchi yenye njaa ya wachezaji na fedha za kuwalipa. Husimuliwa kwamba Milan ilikuwa imekwisha kupatana na Mdenmark mmoja, Johannes Pløger, naye akapanda gari moshi kwenda kwa waajiri wake. Lakini lilipofika Domodossola, mpakani mwa Uswisi na Italia, watu wa Juventus walikwishapata habari, wakaingia behewani, wakamshawishi, wakamchukua Torino. Milan ikalalamika kwa nguvu, na Gianni Agnelli wa Juventus, ili kuituliza, akawaachia nafasi ya kumpata Nordahl, ambaye Juventus nayo ilikuwa ikimtaka. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa, basi ni ghali mno hisani ile. Pløger leo hutajwa tu pale anapotajwa Nordahl.

Aliwasili Milan mwezi Januari 1949, majira ya ukungu, akiwa na umri wa miaka 27. Katika nusu ya msimu iliyobaki alicheza mechi 15 akafunga mabao 16. Kiangazi kilipofika, Czeizler alikuja kuifundisha Milan, na pamoja naye wakaja Gunnar Gren na Nils Liedholm. Waitaliano, ambao hawawezi kukaa na kitu kizuri bila kukibatiza, wakayaunga majina ya watatu hao wakasema Gre-No-Li. Gren, waliyemwita Profesa, alikuwa fundi wa mpira aliyeona njia kabla haijafunguka. Liedholm alikuwa mstaarabu wa pasi, na hikaya ya uwanja wa San Siro husema kwamba alicheza muda mrefu bila kupotosha pasi hata moja mpaka siku alipokosea, watazamaji wote wakampigia makofi kwa mshangao. Mwenye kuamini na aamini. Nordahl ndiye aliyeimaliza kazi iliyoanzwa na hao wawili.

Namna yake ya kuimaliza haikuwa ya madaha. Hakuwa mpiga chenga, wala hakuupamba mpira. Alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 90, na akishapata mwendo ndani ya eneo la hatari, beki aliyemshika alikokotwa pamoja naye kama dau linalofungwa nyuma ya jahazi. Aliupiga mpira mapema, kwa nguvu, bila kuutengeneza mara mbili, na aghalabu aliupiga chini, pembeni mwa mlinda mlango, mahali ambapo mikono huchelewa kufika. Wako wanaomdhania kuwa alikuwa nguvu tupu. Mimi naona wanakosea, kwa sababu mtu mzito hawezi kufika mahali kabla ya mpira ila awe amejua mapema utaangukia wapi, na maarifa hayo hayako katika misuli. Yule aliyejitia nyavuni Wembley hakuwa mjinga.

Msimu wa 1949–50 alifunga mabao 35 katika ligi, na mwezi Februari 1950 Milan ilikwenda Torino ikaifunga Juventus nyumbani kwake mabao 7 kwa 1, Nordahl akitia matatu. Rekodi ile ya mabao 35 haikuvunjwa mpaka mwaka 2016, Gonzalo Higuaín wa Napoli alipofikisha 36. Msimu uliofuata alitia 34, na Milan ikatwaa ubingwa wa Italia ambao haikuuonja tangu 1907. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa sasa na miaka 44. Ubingwa wa pili akaupata mwaka 1955. Mara tano alikuwa kinara wa mabao wa ligi ya Italia, mwaka 1950, 1951, 1953, 1954 na 1955, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikia. Alipoondoka kwenda Roma mwaka 1956 alikuwa ameifungia Milan mabao 221 katika mashindano yote, na hakuna mchezaji wa klabu hiyo aliyemkaribia tangu hapo, si Mwitaliano wala mgeni.

Sasa nirudi kwenye ile sharia. Chama cha kandanda cha Sweden kilikuwa kimeamua kwamba timu ya taifa ni ya wachezaji wa ridhaa peke yao, na aliyepokea ujira wa kucheza, hata kama aliupokea katika nchi ya mbali na kwa mkataba wa halali, hakuwa na nafasi tena. Nordahl alikuwa ameichezea Sweden mechi 33 na kuifungia mabao 43. Siku alipotia saini Milan, hesabu hiyo ilifungwa kama daftari la dukani.

Wapo waliosema kwamba Sweden haikupoteza kitu, nao walikuwa na ushahidi wa kutosha. Katika Kombe la Dunia la 1950 nchini Brazil, timu ya Sweden isiyokuwa na Gren, Nordahl wala Liedholm ilikutana mjini São Paulo na Italia yenyewe, bingwa mtetezi, ikaifunga mabao 3 kwa 2, na mwishowe ikashika nafasi ya tatu. Lakini lililofuata lilikuwa lilelile: Hasse Jeppson aliyefunga mawili siku ile, Lennart Skoglund na wengineo wakachukuliwa Italia mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekwenda alifungiwa mlango nyuma yake. Kombe la 1954 Sweden haikufuzu hata kushiriki. Sharia iliyokusudiwa kulinda usafi wa mchezo ikawa kama ungo. Ilipepeta vizuri, ila iliyabakiza makapi na kuimwaga nafaka. Kama ujira ni najisi, basi ni vigumu kueleza kwa nini mzima moto alilipwa kwa kuzima moto bila mtu kumtilia shaka.

Sweden ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 1958, wakubwa wa chama waliona aibu ya kuwatazama watu wao jukwaani, wakawafungulia mlango wachezaji wa kulipwa. Gren akaja, mwenye umri wa miaka 37. Liedholm akaja akawa nahodha, na katika fainali dhidi ya Brazil ya Pelé ndiye aliyetangulia kufunga, kabla Sweden haijashindwa kwa mabao 5 kwa 2. Wa tatu hakuwamo. Nordahl alikuwa amekwisha kuimaliza miaka yake miwili ya Roma, mwili umechoka, na wakati wake umepita.

Kwa jumla alifunga mabao 225 katika mechi 291 za ligi ya Italia. Ni Silvio Piola na Francesco Totti tu waliomzidi, nao wote wawili ni Waitaliano. Baadaye alifundisha timu kadhaa nchini Sweden, ikiwamo Norrköping yake ya zamani, na mwanawe Thomas alikuwamo katika kikosi cha Sweden cha Kombe la Dunia la 1970. Alifariki tarehe 15 Septemba 1995 huko Alghero, katika kisiwa cha Sardinia, katika nchi iliyompa ujira.

Vijana wa leo wakiulizwa mshambuliaji mkubwa wa Sweden ni nani, watamtaja Zlatan Ibrahimović, na hawatakosa hoja, kwani aliifungia nchi yake mabao 62, naye pia alivaa nyekundu na nyeusi ya Milan. Lakini hayo 62 aliyapata katika mechi 122. Nordahl alipata 43 katika mechi 33, akiwa mwajiriwa wa zimamoto. Na katika miaka saba na nusu aliyokaa Milan, wakati alipokuwa mfungaji anayeogopwa kuliko wote Ulaya, Sweden haikumwita hata mara moja.