Fahamu Kamera Zinazotambua Mienendo ya Mwili Nyumbani na Haki za Anayeangaliwa

Mzee anayeishi peke yake anapoanguka usiku, madhara hayatokani na kuanguka pekee, bali pia na saa anazokaa sakafuni kabla ya kupata msaada. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na kuanguka, wengi wao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Kamera zinazotambua mienendo ya mwili zimebuniwa ili kufupisha muda huo wa kusubiri msaada.

Zinavyofanya kazi

Kamera hunasa picha mfululizo za chumba. Programu ya akili unde hutafuta katika picha hizo kichwa, mabega, nyonga, magoti na viungo vingine, kisha huviunganisha kuwa umbo mithili ya kiunzi cha mifupa. Mabadiliko ya umbo hilo hulinganishwa na mienendo ambayo programu imefundishwa: kukaa, kutembea, kulala au kuanguka. Nyonga zikishuka ghafla hadi karibu na sakafu na mwili usiinuke, mfumo hutuma tahadhari kwenye simu ya ndugu au mhudumu.

Si kila kamera huonesha sura. Zipo zinazoweza kupima umbali kati ya kifaa na mwili. Mfano ni Kinect, kifaa cha michezo ya video kilichoingizwa sokoni na Microsoft mwaka 2010. Watafiti wa University of Missouri nchini Marekani walikitumia katika makazi ya wazee ya TigerPlace kufuatilia mwendo wa wakazi kupitia picha za vivuli. Ufuatiliaji wa namna hiyo husaidia hata kabla ya ajali, kwa kuwa kupungua kwa kasi ya kutembea kunaweza kuashiria hatari ya kuanguka.

Mipaka yake

Meza au blanketi huweza kumficha mtu. Anayesujudu au kuketi mkekani huweza kudhaniwa ameanguka, hasa pale programu ilipofundishwa kwa mienendo ya watu wa mazingira tofauti. Umeme au intaneti vikikatika, tahadhari huenda isifike. Aidha, kamera haitoi utambuzi wa ugonjwa. Kazi hiyo hubaki kwa daktari.

Sheria na wajibu

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na husimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti, na mhusika anapaswa kufahamishwa madhumuni ya kukusanywa kwa taarifa zake.

Kabla ya kufunga kamera, familia inashauriwa kupata majibu ya maswali haya:

1. Je, anayeangaliwa ameelezwa na kuridhia yeye mwenyewe?
2. Je, picha huchakatwa ndani ya kifaa au hutumwa kwingine?
3. Nani anaweza kuziona, na hufutwa baada ya muda gani?
4. Je, mtoa huduma amesajiliwa na Tume?
5. Tahadhari ikitumwa usiku, nani atakwenda?

Swali la mwisho lisipokuwa na jibu, kamera itashuhudia mzee akianguka lakini haitamwinua.