Mosi, pili, tatu: tarehe kati ya Kifaransa na Kiingereza

Neno tarehe tumelipata kwa Waarabu, na huko kwenye asili yake lina maana mbili: siku iliyohesabiwa, na historia yenyewe. Jambo hili nimelikumbuka mara nyingi katika kuwafundisha Kiingereza watu wazima waliosoma kwa Kifaransa, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Huja wakijua kusoma na kujadiliana, lakini ukiwaomba wasome kwa sauti tarehe iliyoandikwa "30 June 1960", husita. Kila neno wanalijua. Wanachokutana nacho ni maamuzi ya karne nyingi ambayo mataifa mawili jirani yaliyafanya kila moja kwa njia yake, na hakuna aliyewaeleza.

Tuanze na siku. Mfaransa husema "le premier mai" kwa tarehe mosi Mei, lakini ikifika siku inayofuata huacha nambari za mpango akasema "le deux mai", yaani mbili tu, kisha tatu, kisha nne hadi mwisho wa mwezi. Ndivyo anavyowataja hata wafalme wake: François ni "premier", wa kwanza, ila Louis aliyejenga Versailles ni "quatorze", kumi na nne, bila ya "wa". Mwingereza hakubali mkato huo. Kwake kila siku ni ya mpango, na kila mfalme vilevile. Tena huandika kidogo akasema kingi: kwenye karatasi huweka "4 July", lakini mdomoni hutoa "the fourth of July", akitia maneno mawili ambayo jicho halikuyaona. Kwa aliyezoea Kifaransa, ambacho husoma tarehe karibu kama ilivyoandikwa, hilo ni fumbo.

Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwa kuwa kanuni ya Mfaransa anaifahamu nyumbani. Sisi husema tarehe mosi, tarehe pili, kisha tarehe tatu, tarehe nne. Tumehifadhi mosi na pili, maneno ya kale ya mpango, mlangoni mwa mwezi, halafu tukaingia kwenye hesabu ya kawaida. Mfaransa kahifadhi moja, sisi mawili, Mwingereza yote. Ninapowaeleza hivyo wanafunzi wangu wanaojua Kiswahili, ugumu hupungua, maana wanaona kwamba lugha yao ya utotoni imesimama katikati ya zile mbili za shuleni. Na kuna kichekesho cha historia: neno "second", ambalo Mwingereza hulitumia kwa siku ya pili, alilichukua kwa Wafaransa katika zama za kati. Kabla ya hapo alitumia neno lake lenye maana ya "nyingine". Mkopaji analitumia kila mwezi katika tarehe, mkopeshaji ameliacha.

Kiswahili kinasaidia pia katika sauti. Mfaransa huteseka na "th" ya "third", "fifth" na "twelfth", akaigeuza s au t. Lakini aliyelelewa na Kiswahili cha pwani anaitamka sauti hiyo kila asemapo thelathini au themanini. Mwanafunzi wa Bukavu au Bujumbura, ambako wengi husema selasini, hulazimika kuifuata kwa juhudi. Mimi humrudisha kwanza kwenye thelathini iliyonyooka, ndipo nimpeleke kwenye "thirtieth". Njia ya kwenda London hapo inapitia Mombasa.

Sasa mwaka. Kifaransa husoma mwaka kama nambari nyingine yoyote: elfu, mia, makumi, mamoja. Kiswahili nacho hufanya hivyo, na "elfu moja mia tisa tisini na nne" inakaribia kujaza mshororo mzima wa mizani kumi na sita. Mwingereza huukata mwaka vipande viwili kama mshororo wenye kituo katikati: "nineteen", kisha "ninety-four", mizani tano basi. Wafaransa walikuwa na mkato wa namna hiyo, "dix-neuf cent", ingawa wao hawaliachi neno la mia. Kwa Mwingereza mia hutoweka kabisa, isipokuwa mwaka unaoanza karne, kama 1900, na kwa 1905 huweka herufi "oh" mahali pa sifuri. Ilipofika 2000 mkato huo ulimshinda, akarudi kwenye elfu, kisha kuanzia 2010 wengi wakaurudia.

Katika makumi kuna siri nyingine. Mfaransa wa Paris, akitaka kusema 94, husema ishirini nne na kumi na nne. Ni masalia ya desturi ya kuhesabu kwa ishirini, na mjini Paris hospitali ya vipofu iliyoanzishwa na Mfalme Louis wa Tisa katika karne ya 13 ingali inaitwa Quinze-Vingts, ishirini kumi na tano, yaani watu 300. Wabelgiji hawakushika desturi hiyo katika 70 na 90. Wao husema "septante" na "nonante". Na kwa kuwa Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Ubelgiji, "nonante" ndiyo waliyofundishwa wazee wetu. Kwa hiyo Mkongo anayesema "nonante-quatre" yuko karibu zaidi na "ninety-four" ya Mwingereza kuliko alivyo Mfaransa wa Paris. Ukoloni haukukusudia kumpa hata chembe ya wepesi huo, lakini anao, na mwalimu mwema huutumia.

Tofauti hizi za kutamka zina dada zao katika kuhesabu kwenyewe. Ufaransa ilipokea kalenda mpya ya Papa Gregori mwaka 1582: siku iliyofuata tarehe 9 Desemba ikaitwa tarehe 20. Uingereza ilikataa hadi 1752, ambapo tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14. Tena kabla ya hapo mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa, London waliandika tarehe 30 Januari 1648, na Paris siku hiyohiyo ilikuwa tarehe 9 Februari 1649. Kifo kimoja, siku mbili, miezi miwili, miaka miwili. Baadaye, kuanzia 1793 hadi mwisho wa 1805, Wafaransa walitupa hata majina ya miezi wakaweka mapya. Anayedhani kwamba tarehe ni kitu kigumu kisichopindika na ayatazame hayo.

Washairi wetu walijua kwamba tarehe ni amana. Wengi walimaliza tendi zao kwa kutaja majina yao na siku ya kukamilisha kazi, wakihesabu kwa Hijria na kwa nambari za Kiarabu. Nakala ya kale ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1141 Hijria, ambao ni 1728, na kwa tarehe hiyo tunajua umri wa urithi wetu. Tena kwa jadi ya pwani siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao Mwingereza na Mfaransa wote wawili huuita wa Alhamisi. Anayefasiri kutoka Kiswahili bila kulijua hilo huhamisha tukio kwa siku nzima.

Na hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Wengi ninaowafundisha hawajifunzi tarehe kwa ajili ya mtihani. Wanajifunza ili waulizwe na kujibu: ulizaliwa lini, ulivuka mpaka siku gani, uliwaona mara ya mwisho mwezi gani. Katika Kifaransa "treize" na "trente" hazifanani, na katika Kiswahili kumi na tatu iko mbali na thelathini. Katika Kiingereza "thirteen" na "thirty" hutenganishwa na mkazo wa sauti na n moja ya mwisho. Akisema kumi na tatu ikasikika thelathini, aliyeandika ataandika thelathini, na siku nyingine akisema sawasawa ataambiwa kwamba maelezo yake yanapingana. Ushahidi wa maisha ya mtu unaweza kuangushwa na konsonanti.

Nchini Rwanda, serikali iliamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Ina maana kuna wazazi wanaoujua mwaka 1994 kwa neno "nonante-quatre", na watoto wao wanaousoma darasani kama "ninety-four". Tarehe 7 Aprili ni ileile. Lakini mzazi anapoitaja kwa lugha ya mtoto, huipitisha siku hiyo katika kinywa ambacho hakikuizoea.

Kwa sababu hiyo siwaanzishi wanafunzi wangu na sikukuu za Waingereza. Nawaomba waanze na tarehe walizokuja nazo: tarehe 30 Juni 1960 kwa Mkongo, tarehe mosi Julai 1962 kwa Mrundi na Mnyarwanda, kisha siku ya kuzaliwa mama, siku ya kuzikwa baba. Waziseme kwanza kwa Kiswahili, polepole, ndipo kwa Kifaransa, mwisho kwa Kiingereza, na mkazo uwekwe panapostahili. Lugha ya tatu na ijifunze kuzibeba tarehe hizo zikiwa kamili, wala zisipunguzwe hata siku moja.