JINSI YA KUSAGA UNGA WA OTI USIO NA GLUTENI NYUMBANI (NA MTEGO WA NENO "SHAYIRI")

Leo nina somo la jikoni, ila msikimbie, ni mambo ya afya. Hapa kwetu Kiseke nina binamu ambaye daktari alimkataza kabisa kula ngano. Tukawa tunamsagia oti kwenye blenda, anakunywa uji, yuko poa. Siku moja blenda ikaungua, tukapeleka oti mashineni. Hazikupita siku mbili, tumbo likaanza tena: gesi, kuharisha, mwili kuisha nguvu. Kuja kuuliza, kumbe kabla yetu ilikuwa imesagwa ngano ya mtu. Ndiyo maana naandika hii.

GLUTENI NI NINI?
Ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike na mkate uumuke. Wengi wetu haitudhuru. Lakini mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo mwembamba, na vile vinyweleo vidogo vinavyonyonya chakula vinaharibika. Matokeo yake ni kuharisha, tumbo kujaa, upungufu wa damu, na kwa watoto kudumaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeonyesha kati ya miaka ya 1940 na 1950 kwamba ngano ndiyo inayowaumiza hawa wagonjwa. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Angalizo: usiache ngano kwa kujihisi tu. Kipimo cha damu kinatakiwa kufanyika wakati bado unakula ngano, ukiacha mapema majibu yanaweza kudanganya. Anza hospitali kwanza.

MTEGO WA JINA
Hapa ndipo watu wanapoumia. Siku hizi wengi wanaziita oti "shayiri". Lakini shayiri ya kwenye kamusi, ile ya mikate mitano kwenye Biblia, ile inayotengenezewa bia, ni nafaka nyingine na INA gluteni. Kwa hiyo mtu akikuambia "mpe mgonjwa uji wa shayiri", muulize shayiri ipi. Soma pakiti: ikiandikwa oats ndiyo yenyewe, ikiandikwa barley irudishe.

Na oti zenyewe, kwa asili hazina gluteni ya ngano, ila mara nyingi zinachanganyika nayo shambani, kwenye magari na viwandani. Kwa mgonjwa tafuta pakiti iliyoandikwa gluten free. Kiwango cha kimataifa cha kuruhusu maneno hayo ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Oti za kawaida ukizisaga nyumbani kwa usafi wote bado hazigeuki kuwa salama, maana kusaga hakuondoi gluteni. Pia wapo wagonjwa wachache ambao hata oti safi zinawasumbua, kwa hiyo aanze kidogo kidogo, na daktari ajue.

HATUA ZA KUSAGA
1. Osha blenda, chujio, kijiko na kopo kwa sabuni, kausha kabisa. Chujio lililochekecha unga wa ngano usilitumie, nunua jingine. Kinu cha mbao kilichotwangiwa ngano nacho kiache.
2. Pima oti gramu 250. Zikishika unyevu, zikaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 3 hadi 5 huku unageuza. Ziache zipoe kabisa, za moto zitafanya unga ugande.
3. Jaza jagi la blenda lisizidi nusu. Saga sekunde 30, zima, tikisa, saga tena sekunde 30. Usiiachie iunguruma mfululizo, utaiua kama yetu.
4. Chekecha. Chenga zinazobaki zirudishe zisagwe tena.
5. Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko na uandike tarehe. Oti zina mafuta kuliko ngano, unga wake unachacha mapema. Saga wa wiki mbili tatu tu. Ukinuka uchungu, mwaga.

UTAPIKA NINI?
Uji: vijiko 3 vya chakula kwa vikombe 2 vya maji, koroga na maji ya baridi kwanza ndipo ubandike. Chapati za maji: unga kikombe kimoja, yai, ndizi mbivu moja iliyopondwa na maziwa kiasi. Chapati ya kusukuma usihangaike nayo, itakatika, maana kinachovuta donge ndicho hicho tulichokitoa.

KAMA OTI NI GHALI
Na kweli ni ghali, hizo zenye alama ndiyo kabisa. Usiumie kichwa. Mtama, ulezi, mahindi, mchele na muhogo havina gluteni, na Kanda ya Ziwa ndivyo tulivyokulia. Chagua mtama au ulezi punje kwa punje, utoe mbegu ngeni, osha, anika, usage kwenye blenda ile ile. Vitumbua vya mchele mtupu pia ruksa. Ila muhogo mchungu lazima uvundikwe na kukauka vizuri kabla ya kuwa unga. Mwaka 1985 kule Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, unaotokana na sumu ya muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha.

Jihadhari na unga wa lishe wa kununua, mwingi umechanganywa na ngano. Na mashine ya mtaani, hata wakikwambia wameipangusa, ya ndani huioni. Kama huna blenda, bora mjichange ndugu mnunue moja ya mgonjwa tu.

Binamu kwa sasa anaendelea vizuri, uji wa ulezi asubuhi, ugali na sato mchana. Mwenye uzoefu zaidi atupie kwenye maoni hapo chini, hasa kama unajua duka hapa Mwanza lenye oti zenye alama. Nawasilisha.