Dawa Iliyomfuata Mgonjwa Nyumbani

Kutoka Pajulu hadi hospitali kuu ya Arua si mwendo wa kumchosha mtu. Bali kwa wakaao kando ya Mto Nyagak na mito mingine ya West Nile iendayo kasi, safari hiyo ni ndefu, na kwa asiyeona ni ndefu zaidi. Huko ndiko usubi walikoeneza minyoo ipofushayo macho.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bure dawa ya Mectizan; lakini dawa ya bure haina miguu. Kati ya 1995 na 2015, mpango wa Afrika ulioitwa APOC, pamoja na serikali na wafadhili, uligharimia kuifikisha vijijini. Wanakijiji waliwachagua wagawaji wao wenyewe, nao wakampima kila mtu urefu kwa fimbo, wapate kujua idadi ya vidonge.

Dawa hiyo huua watoto wa minyoo, wala si wazazi wao. Kwa hiyo ilipasa kurudiwa kila mwaka. Mwaka 2007 Uganda ikaazimia kuitoa mara mbili kwa mwaka penye haja.

Basi fedha iliyomfuata mgonjwa nyumbani ilihifadhi macho ambayo, yakisha kupofuka, hospitali haiwezi kuyarudisha.