Amri Kutoka Mbali: Kutoka Waya wa Fife hadi Seva ya Sera

Vita Kuu ya Kwanza ilimalizika Ulaya saa tano asubuhi, tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu, mpakani mwa Tanzania na Zambia, iliendelea. Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake walikuwa wamepita upande huu wa Mbozi, wakaishambulia Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa karibu na Nakonde ya leo, kisha wakaingia Kasama na kusonga mbele kuelekea mto Chambeshi. Walijua kwamba vita vimekwisha tarehe 13 tu, baada ya kumkamata mwendesha pikipiki wa Kiingereza aliyebeba habari hiyo. Silaha walizikabidhi Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25.

Si kwamba hapakuwa na waya. African Transcontinental Telegraph, kampuni ya Cecil Rhodes, ilikuwa imekwisha kusimika nguzo kutoka Karonga kupitia Fife hadi Abercorn. Mwaka 1899 Rhodes alikwenda mwenyewe Berlin kumwomba Kaisari wa Ujerumani ruhusa, na waya ukaingia ardhi ya Wajerumani hadi Ujiji. Ulikusudiwa ufike Kairo, haukuvuka Ujiji. Kwa hiyo uamuzi wa Ulaya uliweza kufika nyanda hizi kwa kasi ya umeme. Uliokwama ni ule mwendo wa mwisho, kutoka kwenye waya hadi kwa jeshi linalotembea porini.

Mimi si mwanahistoria. Ni fundi wa mitandao, mzaliwa wa Ruanda, hii ya Mbozi, si ile ya Kigali wala ile kata ya Mbeya mjini. Kisa cha Lettow nakipenda kwa sababu jeshi lake lilifanya jambo ambalo kila kifaa cha mtandao hutakiwa kulifanya kikipotezana na makao makuu: lilishika amri ya mwisho liliyokuwa nayo. Watu wakisikia habari za seva ya sera, kompyuta inayoamulia vifaa vya mtandao la kufanya, hudhani ni habari za utawala, za mkubwa mmoja Dar es Salaam anayeamrisha maboksi ya mikoani. Mimi naona ni habari za boksi la mkoani, na la kufanya pale mkubwa asipopatikana.

Somo la kwanza nililipata kwenye reli. TAZARA ilifika Tunduma Agosti 1973, ikakabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia Julai 1976, na tangu siku ya kwanza ni njia moja: treni hupishana stesheni, kwingine hakuna pa kupishana. Baba yangu mdogo alikuwa mkuu wa stesheni ya Vwawa. Likizo nilikaa kwake, na kilichonishangaza ni jinsi mtu mzima mwenye kofia na mamlaka yake alivyokuwa haamui kitu. Treni ikikaribia anapiga simu. Anasubiri. Upande wa pili ukijibu anaandika kitabuni saa na namba ya treni, kwa mwandiko wa taratibu kana kwamba hakuna anayemsubiri, ndipo dereva anapewa ruhusa. Nikamuuliza, simu ikifa je? Akanifungulia kitabu cha kanuni. Kulikuwa na sehemu nzima ya simu iliyokufa, na kwa jinsi alivyonieleza, humo kasi hupungua na karatasi huongezeka. Mwendo haukatazwi. Unafuata kanuni zilizoachwa mapema, wakati simu ilikuwa nzima.

Mitandao ya kompyuta ilianza bila mkuu wa stesheni na bila mtu wa kumpigia simu. Kila rauta ilipangwa kwa mkono, amri baada ya amri, na fundi aliyekaa mbele yake au aliyeingia kwa mbali. Nilisoma chuo cha sayansi na teknolojia Mbeya, kilipokuwa bado kinaitwa MIST, na mwalimu wetu alitulazimisha kuandika amri zote daftarini kabla ya kugusa kibodi, maana ndivyo yeye alivyofundishwa. Mwaka 1988 ilitoka itifaki ya SNMP, na kifaa kikapata mdomo. Kiliweza kuulizwa hali yake, na kiliweza kupiga kelele chenyewe: waya wangu wa tatu umekufa. Lakini aliyeitikia kelele hizo alikuwa binadamu. Anaamshwa, anafungua kompyuta, anaingia kwenye rauta, anaandika. Kukiwa na rauta kumi kazi hiyo inavumilika. Zikifika elfu, unahitaji jeshi la watu wasiolala.

Januari 2000, IETF, jumuiya ya wahandisi wanaotunga kanuni za intaneti, ikatoa hati mbili kwa pamoja. RFC 2753 ilieleza mpango, na RFC 2748 ikaeleza lugha, iliyopewa jina COPS. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi wa COPS ni David Durham wa Intel. Wazo lenyewe ni kutenganisha pale uamuzi unapofanyika na pale unapotekelezwa. Askari wa geti pale mpakani Tunduma huinua na kushusha mti, lakini anayeamua lori lipite ni ofisa aliyeko ndani na makaratasi. Rauta ni yule wa getini, seva ya sera ni yule wa ndani. Likitokea tukio, tuseme mtumiaji anaomba nafasi ya kupitisha video, rauta inauliza, seva inajibu, rauta inatekeleza na kutoa taarifa kwamba imetekeleza.

Tatizo ni kwamba kuuliza kila mara kunachosha pande zote mbili. Machi 2001 ikaja RFC 3084, safari hii jina la kwanza likiwa Kwok Ho Chan wa Nortel, na mambo yakageuka. Kifaa kikiwaka kinajitambulisha mara moja: mimi ni wa aina hii, nina milango hii, naweza kufanya haya. Seva inakishushia mpangilio wote. Kuanzia hapo seva haingoji kuulizwa. Saa ikigonga mwanzo wa kazi, msimamizi akibadili kanuni, au kifaa kikiripoti kwamba njia moja imekufa, seva inapima na kusukuma yale mabadiliko tu. Yakifika, hupokewa yote au hukataliwa yote. Mpangilio wa nusu, ambao mafundi tunaujua kwa maumivu ya kichwa, haukuruhusiwa. Tena kwa kila aina ya kazi kifaa kilimtii bwana mmoja tu kwa wakati mmoja.

Kurasa za COPS ninazozipenda kuliko zote ni zile za kukatika kwa mawasiliano. Kifaa na seva hutumiana ujumbe mfupi wa "nipo". Ukikosekana kwa muda waliokubaliana, kila upande unajua mwenzake kapotea. Kifaa kinajaribu kurudi; kikishindwa kinatafuta seva ya akiba; na katika mahangaiko hayo maamuzi ya zamani yanaendelea kufanya kazi hadi ukomo uliowekwa. Mawasiliano yakirudi, kifaa kinaanza kwa kumtaja bwana wake wa mwisho. Seva inaweza kukiambia: tusawazishe. Hapo kifaa kinarudia kueleza kila hali iliyo hai, moja moja, na mwisho kinatamka kwamba kimemaliza. Seva nayo inathibitisha au inabatilisha. Nani alikosea wakati wa giza, hakuna anayeuliza.

Hapa mkoani Songwe jambo hili tunalikuta kazini, halibaki kitabuni. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulioanza kujengwa 2009 na kampuni ya Kichina ya CITCC, ukawekwa chini ya usimamizi wa shirika la simu la TTCL na kufikia kilomita 7,560 katika awamu zake za kwanza, unapita huku kwenda kuungana na Zambia pale Tunduma. Barabara kuu nayo inapita huku huku, na penye barabara kuna greda. Greda likikata, skrini ya zamu inajaa wekundu, simu zinaanza kuita, na swali la kwanza la fundi mwenye akili ni hili: vifaa vilivyobaki ng'ambo ya mkato vinafuata amri gani sasa hivi? Vikipangwa vizuri, benki ya Vwawa bado inaongea na tawi lake la Tunduma ingawa Dar haionekani. Vikipangwa ovyo, kila boksi linasubiri ruhusa isiyokuja.

Pamoja na uzuri wake wote, COPS ya kusukuma mipangilio haikupendwa. Juni 2002 wakuu wa IETF waliwakusanya waendesha mitandao Marekani na kuwauliza wanataka nini hasa, na majibu yakachapishwa 2003 katika RFC 3535. Waendeshaji walijibu kama mafundi wa kila mahali. Tunataka mpangilio tunaoweza kuusoma kwa macho, faili la maandishi la jana tulilinganishe na la leo. COPS ilisema kwa lugha ya mashine. Walikiri kwamba hawajaitumia sana, lakini wengi wao waliona IETF isipoteze nguvu zaidi huko. Desemba 2006 ikatoka NETCONF, iliyozaliwa na malalamiko hayo. Nusu yangu inakubaliana nao, maana usiku wa manane hakuna linalopita faili unaloweza kulisoma. Nusu nyingine inaona walimtupa mtoto aliyekwisha kujifunza kutembea gizani.

Hakutupwa kabisa. Watu wa simu za mkononi walimwokota. Katika toleo la tano la kanuni zao, zinazotungwa na jumuiya ya 3GPP, COPS iliwekwa kati ya lango la data na sehemu ya maamuzi. Katika toleo la saba nafasi yake ikachukuliwa na itifaki ya Diameter, na mfanya maamuzi akapata jina jipya, PCRF. Hapo ndipo seva ya sera ilipoingia kwenye kitu ambacho kila mtu wa Ruanda anakifahamu, hata bibi anayeuza parachichi: bando.

Mama mmoja wa maharage soko la Mlowo ana tabia ya kunisomea meseji za kampuni ya simu kwa sauti, akinidai maelezo kana kwamba nimeziandika mimi. Siku moja ilikuwa ile ya kumwarifu kwamba ametumia asilimia 75 ya kifurushi. "Wamejuaje, mwanangu?" Nikamweleza hivi. Bando lake analihesabu mtu wa lango, wala si simu yake wala mnara wa Mlowo. Lango limeagizwa: mpe kiasi hiki, akifika hapa niambie. Kufika hapo ndilo tukio. Lango linaripoti, mitambo ya juu inaamua, na amri inarudi: mtumie meseji, mwache aendelee, mpunguzie kasi, au mfungie. Akasema, "Basi huyo wa lango ana roho ngumu." Nikamwambia hana roho, ana orodha.

Ile asilimia 75 haikutoka kwa kampuni. Iliwekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, katika kanuni za vifurushi zilizotangazwa kuanza tarehe 2 Aprili 2021: mteja aarifiwe akifika asilimia 75 na akifika 100, na asiendelee kukatwa salio nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Siku hiyo, Ijumaa Kuu, watu waliamka wakakuta pia bei mpya, na kelele zilizopigwa nchi nzima mnazikumbuka. Serikali ikaagiza bei hizo zisitishwe na vifurushi vya zamani virudi. Wengi walijadili siasa yake. Mimi nilikuwa natazama ufundi wake. Sera ya nchi nzima iligeuzwa na kugeuzwa tena, na hakuna fundi aliyepanda mnara wa Mlowo, wala aliyefungua boksi Tunduma. Kazi yote ilifanyika kwenye seva, na maboksi yakapokea.

Seva isipojibu je? Kanuni ya kuhesabu salio kwa Diameter, iliyotoka kwanza kama RFC 4006 mwaka 2005, inampa mpangaji wa mtandao njia tatu: mkate mteja, mwache aendelee, au jaribu seva nyingine, na ukikosa, mkate. Asipochagua, inashika ile ya kwanza. Fikiria dereva wa lori aliyelala foleni upande wa Nakonde na laini ya Tanzania inayoshika mtandao wa Zambia. Kwa utaratibu wa kawaida data yake husafirishwa kwanza hadi lango la nyumbani, na ruhusa inatafutwa huko huko. Kiungo kimoja kikiyumba, tajiri wake aliyeko Dar anamtafuta mpaka asubuhi. Kwa laini za mpakani mimi ningeweka njia ya pili, angalau kwa saa chache, hesabu ifanywe baadaye. Nililisema hilo kwenye kikao cha kampuni moja niliyoifanyia kazi. Watu wa mapato wakauliza nani atalipa hizo saa chache, na wakaacha ile ya kwanza.