Vijalizo vya vivumishi katika Kiingereza

Vijalizo vya vivumishi ni maneno yanayofuata kivumishi ili kukamilisha maana yake. Katika Kiingereza vipo vya aina tatu kuu: kirai kihusishi, kama katika "She is fond of music" (anapenda muziki), kitenzi-jina, yaani kitenzi kinachotanguliwa na "to", kama katika "He is eager to learn" (ana hamu ya kujifunza), na kishazi, kama katika "I am glad that you came" (nimefurahi kwamba umekuja). Makala hii inahusu aina mbili za kwanza.

Kivumishi chenyewe ndicho kinachochagua kijalizo. "Fond" hutaka "of" na "keen" hutaka "on", ingawa yote mawili yanataja kupenda kitu. Vipo vivumishi visivyoweza kusimama bila kijalizo: "He is fond" ni sentensi pungufu. Vingine, kama "afraid", husimama vyenyewe au hukipokea.

Kivumishi chenye kijalizo kwa kawaida huwekwa baada ya nomino: "a man proud of his children" (mtu anayejivunia watoto wake). Baadhi ya vivumishi lakini huruhusu nomino ikae katikati, kama katika "a difficult man to please" (mtu mgumu kumridhisha).

Vivumishi na vihusishi

Hakuna kanuni moja inayotabiri kihusishi, ila yapo makundi yanayosaidia kumbukumbu:

– "of": hisia, ufahamu na uwezo, kama "afraid", "aware", "proud", "jealous", "capable"
– "at": ustadi au udhaifu katika kazi, kama "good", "bad", "clever", "hopeless"
– "to": uhusiano na ulinganifu, kama "similar", "equal", "related", "married"
– "with": kuridhika, kuchoshwa na kuzoeana, kama "satisfied", "bored", "familiar"
– "about": jambo linaloleta hisia, kama "worried", "excited"
– "for": sababu, wajibu au lengo, kama "famous", "responsible", "late"
– "from": utengano, kama "different", "absent", "free"
– "in": "interested", "rich"
– "on": "keen", "dependent"

Hata maneno ya ukoo mmoja hutofautiana: mtu ni "dependent on" wazazi wake, lakini nchi huwa "independent of" nyingine. Baada ya "different", kihusishi "from" kinakubalika kote. "To" husikika zaidi Uingereza, na "than" zaidi Marekani.

Kihusishi kikibadilika, maana nayo inaweza kubadilika. "Good at" hutaja ustadi, "good for" manufaa, na "good to" wema anaotendewa mtu. Aliye "tired from" kazi amechoka mwili. Aliye "tired of" kazi ameichoka hiyo kazi. Kwa "familiar", kihusishi hugeuza hata nafasi ya kiima: katika "I am familiar with this street" kiima ni mtu anayeijua barabara, ilhali katika "This street is familiar to me" kiima ni barabara inayojulikana.

Kitenzi kikifuata kihusishi huchukua umbo la "-ing": "capable of winning", "tired of waiting". Ugumu huja kwenye "to", kwa kuwa neno hilo ni kihusishi mahali pengine na ni alama ya kitenzi-jina mahali pengine. Baada ya "used", "accustomed" na "opposed" ni kihusishi, kwa hiyo husemwa "She is used to waking early" (amezoea kuamka mapema). Bila kitenzi "be", maana ni nyingine: "She used to wake early" ni kwamba zamani alikuwa akiamka mapema. "Worth" na "busy" hupokea umbo la "-ing" bila kihusishi: "worth reading", "busy cooking".

Vivumishi na vitenzi-jina

Katika muundo huu swali la msingi ni nani anayetenda tendo la kitenzi-jina. Mfano mashuhuri ni wa mwanaisimu Mmarekani Noam Chomsky, aliyelinganisha sentensi mbili katika kitabu chake cha mwaka 1964, "Current Issues in Linguistic Theory": "John is eager to please" na "John is easy to please". Kwa nje zinafanana. Katika ya kwanza John ndiye anayetaka kupendeza wengine. Katika ya pili wengine ndio wanaompendeza John. Jaribio rahisi huzitenganisha: ya pili inaweza kugeuzwa kuwa "It is easy to please John", lakini "It is eager to please John" haibebi maana ya ile ya kwanza.

Watoto wanaokua na Kiingereza nao huchukua muda kuiona tofauti hiyo. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1969, mwanaisimu Carol Chomsky aliwaonyesha watoto wa miaka 5 hadi 10 mwanasesere aliyefungwa macho, akawauliza kama ni rahisi au vigumu kumwona. Baadhi walijibu kuwa ni vigumu: walimchukua mwanasesere kuwa ndiye mwenye kuona.

Sarufi ya Randolph Quirk na wenzake, "A Comprehensive Grammar of the English Language" ya mwaka 1985, inataja aina saba za muundo huu. Zilizo muhimu zaidi kwa mwanafunzi ni hizi:

– Utashi: "eager", "willing", "reluctant". Kiima ndicho mtenda.
– Hisia: "glad", "sorry", "surprised". Kitenzi-jina hutaja kilichozaa hisia: "I was sorry to hear it".
– Ugumu na wepesi: "easy", "hard", "impossible". Kiima hutendwa. "Possible" haimo katika kundi hili: husemwa "The work is impossible to finish", lakini si "The work is possible to finish", badala yake ni "It is possible to finish the work".
– Makadirio ya msemaji: "likely", "certain", "sure". Katika "He is certain to win", mwenye uhakika ni anayesema.
– Hukumu juu ya tabia: "kind", "wise", "foolish".

Kwa kundi la "easy", kiima ndicho kinachojaza nafasi ya yambwa, kwa hiyo kiwakilishi hakirudiwi. Husemwa "This book is easy to read", bila "it" mwishoni. Kitenzi kikihitaji kihusishi, kihusishi hicho hubaki: "The chair is comfortable to sit on". "Ready" huweza kufuata njia zote mbili, na hivyo "The chicken is ready to eat" ina maana mbili: kuku yu tayari kula, au nyama yake iko tayari kuliwa.

Maneno "too" na "enough" huruhusu kitenzi-jina hata kwa vivumishi ambavyo kwa kawaida havikipokei: "The tea is too hot to drink", "She is old enough to vote".

"Of" na "for" kabla ya mtenda

Mtenda akitajwa waziwazi, huletwa na "of" au "for". Katika "It was kind of you to help", sifa inamwendea mtu, na inawezekana kusema "You were kind to help". Katika "It is important for you to help", sifa inaliendea tendo, na "You are important to help" haikubaliki kwa maana hiyo. Hivyo "It was good of him to come" humsifu aliyekuja, na "It is good for him to come" husema kuja kutamfaa.

Kivumishi kimoja, njia mbili

Vivumishi kadhaa hupokea miundo yote miwili kwa maana tofauti. "Afraid to jump" ni hofu inayomzuia mtu kutenda. "Afraid of falling" ni hofu ya jambo linaloweza kumpata. "Anxious to leave" ni kuwa na hamu ya kuondoka, "anxious about leaving" ni kuwa na wasiwasi juu ya kuondoka. Katika "certain of winning", kinyume cha "certain to win", mwenye uhakika ni mshindani mwenyewe.

Uchunguzi na kamusi

A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza nchini Japani, alihariri kamusi ya wanafunzi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa tena na Oxford mwaka 1948. Kitabu chake cha mwaka 1954 kilipanga ruwaza za vitenzi, nomino na vivumishi. Mradi wa COBUILD wa Chuo Kikuu cha Birmingham, chini ya John Sinclair, ulitumia kompyuta kuchambua matini halisi. Kamusi yake ilitoka mwaka 1987, na juzuu ya ruwaza za nomino na vivumishi mwaka 1998.

Kwa wasemaji wa Kiswahili

Kiswahili hueleza mengi ya haya kwa kitenzi: kuogopa, kuzoea, kujivunia. Umbo la "ku-" hufanya kazi ya "to" na ya "-ing" pia, ndiyo maana wanafunzi husema "capable to win" badala ya "capable of winning", na "is used to wake" badala ya "is used to waking". Kihusishi nacho hufuata Kiswahili: "hodari katika hisabati" huzaa "good in mathematics", na "ameolewa na" huzaa "married with", penye "at" na "to".

Kwa kundi la "easy" tofauti imo ndani ya kitenzi. "Juma ni rahisi kumridhisha" hubeba kiambishi "-m-" cha yambwa, na mwanafunzi hukihamisha kwa kuongeza "him" mwishoni, mahali ambapo Kiingereza hakiruhusu. Kinyume chake, katika "kiti hiki ni kizuri kukalia" na "kalamu hii ni nzuri kuandikia", kazi ya kihusishi hufanywa na kauli ya kutendea. Kiingereza hakina kauli hiyo. Lazima kiseme "nice to sit on" na "nice to write with", na kihusishi kikiachwa sentensi hubaki na pengo.